Mashujaa wa Kichina kwenye chapa za mbao za Kijapani: uanze na Hokusai, Kuniyoshi au Yoshitoshi?

Wengi huzijua chapa za mbao za Kijapani, yaani picha zinazochapwa kwa ubao uliochongwa, kupitia lile wimbi kubwa la Hokusai linalotaka kumeza mashua, kisha taratibu wakafika kwa mashujaa. Hapo ndipo hukwama. Mchukue Shi Jin, kijana wa Kichina mwenye tatuu ya majoka tisa mwilini. Yumo kwenye vitabu vya Hokusai, yumo kwa wachoraji wenzake Kuniyoshi na Yoshitoshi, na ukiwaweka pamoja utadhani ni watu watatu tofauti. Kwa wa kwanza ni mhusika wa kitabu, kwa wa pili ni misuli na ngozi, kwa wa tatu ni mtu anayetafuta ubaridi usiku wa joto. Basi umtundike yupi ukutani? Umwige yupi kwa penseli? Na kama una akiba ya kununua chapa ya kweli, uiweke kwa nani?

Nimechukua machaguo manne, nikayapima kwa mambo matano yaleyale: chapa inabeba hadithi kiasi gani; inauonyeshaje mwili na mwendo; rangi na ufundi wake; ukubwa wake na mahali inapokaa vizuri; na mwisho, inapatikana vipi na ikiwa katika hali gani. Bei sikuifanya kigezo cha pekee. Chapa moja yaweza kuwa rahisi au ghali mno kutegemea hali yake, kwa hiyo bei nimeigusa pale inapohusika.

Mbona mashujaa wenyewe ni Wachina?

Kuna riwaya tatu nyuma ya picha hizi. Ya kwanza ni Shuihu zhuan, ambayo Wajapani huiita Suikoden: waasi 108 wanajikusanya kwenye mabwawa ya Liangshan enzi ya nasaba ya Song na kupambana na maofisa wala rushwa. Ya pili ni Sanguo yanyi, yaani Falme Tatu, ya Liu Bei, Guan Yu, Cao Cao na vita vyao. Ya tatu ni Xiyou ji, Safari ya Magharibi, ambamo mtawa anakwenda kutafuta maandiko ya Kibuddha akilindwa na nyani mkorofi Sun Wukong. Wapenzi wa katuni za Kijapani watamtambua zaidi kwa jina la Son Gokū. Falme Tatu ilichapwa kwa Kijapani kati ya 1689 na 1692, na tafsiri ya Suikoden ilianza kutoka 1757. Kufikia karne ya 19 mtu wa mjini Edo, ambayo leo ni Tokyo, alikuwa akiwajua majabari hawa kama anavyowajua wa kwao.

Siasa nayo ilichangia. Serikali ya ukoo wa Tokugawa haikutaka watawala wa juzi wachorwe. Mwaka 1804 Utamaro, mchoraji maarufu kuliko wote wakati huo, alifungwa pingu siku 50 kwa sababu ya picha za Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyekufa zaidi ya miaka 200 kabla. Mwasi wa Kichina anayempiga ofisa mla rushwa, mradi ofisa huyo ni wa miaka 700 nyuma na ng'ambo ya bahari, aliweza kuuzwa dukani mchana kweupe.

Machaguo manne

Vitabu vya Hokusai (1760–1849). Kikubwa ni Shinpen Suiko gaden, tafsiri mpya ya Suikoden yenye picha. Ilianza kutoka 1805 kwa maneno ya mwandishi Takizawa Bakin, ikaja kuendelezwa na Takai Ranzan hadi miaka ya 1830. Kipo pia Chūgi Suikoden ehon cha 1829, ambacho ni picha za majabari hao bila riwaya.

Suikoden ya Kuniyoshi. Huu ni mfululizo wa karatasi mojamoja uliotolewa na mchapishaji Kagaya Kichiemon kuanzia 1827 hadi karibu 1830. Jina lake linaahidi mashujaa 108, lakini zinazojulikana ni chapa zipatazo 74. Utagawa Kuniyoshi, mtoto wa mtia rangi hariri, alikuwa na umri wa karibu miaka 30 na jina lake halijavuma. Chapa tano za mwanzo zilipotoka, mji mzima ulimjua. Tangu hapo akawa Kuniyoshi wa mashujaa.

Falme Tatu za Kuniyoshi. Hapa nazungumzia zile picha za karatasi tatu zinazoungana kuwa picha moja pana, hasa za 1853, alipokuwa mtu mzima aliyekwisha kubobea.

Chapa za Kichina za Yoshitoshi (1839–1892). Tsukioka Yoshitoshi aliingia kwa Kuniyoshi akiwa mtoto kujifunza kazi. Mfululizo wake mkuu, Tsuki hyakushi, ni chapa 100 za mwezi zilizotolewa na Akiyama Buemon kati ya 1885 na 1892. Nyingi ni za hadithi za Kijapani, lakini wamo Sun Wukong, Cao Cao, Shi Jin na wengine kutoka China. Naongezea na chapa yake ndefu ya wima ya 1887, ya mtawa mlevi Lu Zhishen.

Hadithi

Ukitaka hadithi yenyewe, kwa mfuatano wake, Hokusai hana mpinzani hapa. Picha zake zinakwenda na riwaya: mtu anaingia mjini, anagombana, anakimbia, unamfuata. Mashujaa wana jirani zao, farasi wao, mvua yao. Tatizo ni kwamba maneno yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjapani wa leo hausomi bila mafunzo. Kwa hiyo unahitaji kuwa na riwaya katika lugha unayoijua, uisome huku ukifunua picha.

Suikoden ya Kuniyoshi inakupa mtu mmoja kwa karatasi, mara chache wawili. Kila chapa ina kisanduku chenye jina la mfululizo na jina la shujaa, na aghalabu maelezo mafupi ya sifa na vitendo vyake. Hadithi nzima huipati, unapata kilele chake. Mfano mzuri ni Zhang Shun, ambaye katalogi za makumbusho humwandika kwa matamshi ya Kijapani, Chōjun. Ni mwogeleaji asiye na mfano. Katika riwaya anajaribu kuingia mji wa Hangzhou usiku kwa kupita chini ya lango la maji. Kengele zilizofungwa kwenye wavu zinalia, walinzi wanaamka, na Zhang Shun anauawa palepale. Kuniyoshi amemkamata kabla ya kifo: kisu kinywani, mikono imeng'ang'ania nondo za lango, kengele juu yake. Asiyejua hadithi anaona jabari anayeshinda. Anayeijua anamwona mtu aliyebakiza pumzi chache.

Ndiyo maana nasisitiza kisanduku cha maandishi kisikatwe. Wauzaji wa zamani walikuwa na tabia ya kupunguza karatasi ili iingie kwenye fremu au albamu, na wakati mwingine mkasi ulipita juu ya maandishi. Chapa ya namna hiyo ni kama kanga iliyokatwa jina: rangi zote zipo, lakini haisemi tena.

Falme Tatu za 1853 zinachagua tukio moja na kulipa nafasi. Maarufu ni ile ya Guan Yu, au Kan'u kwa Kijapani. Mshale wenye sumu umemwingia mkononi, tabibu Hua Tuo anakwangua mfupa, naye Guan Yu anaendelea kucheza go, mchezo wa ubao na kete, kana kwamba anasubiri chai. Ukubwa wa Guan Yu haupo kwake mwenyewe, upo kwenye nyuso za watu waliomzunguka, ambao maumivu wanayasikia wao kwa niaba yake. Nyingine ni ya Liu Bei na wenzake wakipita kwenye theluji kwenda kumbembeleza Zhuge Liang, mshauri mwenye akili kuliko wote, atoke nyumbani kwake. Humo hakuna panga wala damu, na bado ni picha ya mashujaa.

Yoshitoshi ndiye anayekudai zaidi. Katika chapa ya Cao Cao, jemadari yumo chomboni, mwezi unachomoza, kunguru wanaruka. Basi. Anayejua anajua kwamba ni usiku wa kuelekea vita vya Majabali Mekundu, mwaka 208. Kwamba Cao Cao ametunga shairi lenye kunguru wanaoruka kuelekea kusini. Kwamba mtu mmoja alithubutu kumwambia maneno yale yana nuksi, naye Cao Cao akamchoma mkuki. Na kwamba muda si mrefu meli zake zote zitateketea. Moto Yoshitoshi hakuuchora. Ukimpa chapa hii mtu asiyejua hadithi, atasema ni picha nzuri ya mwezi, na hatakuwa amekosea, ila ameachwa nje ya mlango.

Mwili na mwendo

Hapa Suikoden ya Kuniyoshi inaziacha nyingine mbali, na sioni sababu ya kuzunguka. Mashujaa wake hawatoshi kwenye karatasi. Ruan Xiaowu anapigana chini ya maji akiwa amemkaba adui. Wu Song anamkandamiza chui milia na kumpiga ngumi bila silaha. Lu Zhishen, mtawa mwenye tatuu ya maua, anapasua mti wa msonobari kwa fimbo yake ya chuma. Vidole vya miguu vimekunjwa, mishipa imetokeza, nguo zinapeperuka hata pasipo na upepo.

Kisha kuna tatuu. Riwaya inataja tatuu za watu wachache tu, Shi Jin na Lu Zhishen wakiwa miongoni mwao. Kuniyoshi akazitia na kwa wengine, akajaza migongo na mikono yao wanyama, maua na miungu. Vijana wa Edo walizipenda: wazima moto, wabeba mizigo, watu wa kazi za mikono. Wachoraji wa tatuu za Kijapani wanazirejea chapa hizi mpaka leo, na ukimwona mtu popote duniani amechorwa jabari mwenye kisu kinywani mgongo mzima, kuna uwezekano mkubwa mwanzo wake ni karatasi ya Kagaya Kichiemon.

Yoshitoshi alijifunza yote hayo kwa mwalimu wake, kisha akachagua kunyamaza. Shi Jin wake wa 1885 ameketi, nguo imeshuka, tatuu iko wazi, na hafanyi kitu. Ukumbuke kwamba serikali ya Meiji, iliyoshika nafasi ya Tokugawa, ilikuwa imepiga marufuku tatuu mwaka 1872, marufuku iliyodumu hadi 1948. Kwa mnunuzi wa 1885, ngozi ile ya majoka ilikuwa ni kitu cha jana kilichokatazwa. Utulivu wake una uzito huo.

Lakini asikudanganye mtu kwamba Yoshitoshi hajui kupiga kelele. Lu Zhishen wake wa 1887 amelewa chakari langoni mwa hekalu la Mlima Wutai na anavunja sanamu kubwa ya mlinzi wa lango. Karatasi mbili zimeunganishwa juu na chini, kwa hiyo vurugu lote linaporomoka kutoka juu. Ukitaka kulinganisha mwalimu na mwanafunzi kwa haki, weka Lu Zhishen huyu kando ya yule wa Kuniyoshi mwenye msonobari. Wa Kuniyoshi ana nguvu na anajua anachofanya. Wa Yoshitoshi ana nguvu na hajui, na kwangu huyo anatisha zaidi.

Falme Tatu za 1853 hazitegemei sana mwili wa mtu mmoja. Nguvu yake ni namna watu wengi walivyopangwa. Hokusai kwa upande wake hufanya mwendo kwa mstari: maji, moshi, mwanga, mikunjo ya nguo. Kwa wanaojifunza kuchora, ukurasa mmoja wa Hokusai ni darasa la namna mstari mweusi unavyoweza kuwa upepo.

Rangi na ufundi

Chapa hizi hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchapishaji alitoa fedha na wazo, mchoraji akachora kwenye karatasi nyembamba, mchongaji akaibandika karatasi hiyo juu ya ubao wa mcheri na kuchonga mstari baada ya mstari, kisha mchapaji akapaka rangi na kusugua karatasi kwa mkono. Kila rangi ilikuwa na sehemu yake iliyochongwa, na alama ndogo pembeni mwa ubao zilihakikisha karatasi inakaa palepale kila inaporudishwa. Kwa hiyo ukisema Kuniyoshi au Yoshitoshi, unasema pia mchongaji na mchapaji ambao majina yao mara nyingi hayakuandikwa.

Vitabu vya Hokusai ni vyeusi na kijivu. Kuna watakaoona hilo ni upungufu. Mimi naona ni faida: hakuna rangi ya kupauka, na jicho linabaki kwenye mchoro.

Suikoden ya Kuniyoshi ilitoka kwa rangi kali, lakini nyekundu ya maua ya alizeti-miba na buluu ya mimea hufifia vibaya kwenye mwanga. Chapa uliyoiona mtandaoni ikiwa na kijani kibichi yaweza kuwa na ndugu yake aliyebaki na rangi ya majani makavu. Kufikia 1853 buluu ya Prussia, iliyotoka Ulaya, ilikuwa imekwisha zoeleka. Hiyo ni imara, na ndiyo maana anga na maji vya enzi hiyo mara nyingi vimedumu.

Kwa ufundi wa uchapaji peke yake, matoleo ya mwanzo ya Tsuki hyakushi ni ya juu kabisa. Rangi inayeyuka taratibu kutoka giza hadi weupe. Vitambaa vina michoro isiyo na rangi iliyobonyezwa kwenye karatasi, huioni mpaka uinamishe chapa upande. Weusi umesuguliwa mpaka unang'aa. Mwaka 1889 Sun Wukong alitoka na sungura wa mwezini akiwa mbele ya duara kubwa la mwezi. Lakini mbao zilitumika sana, na matoleo ya baadaye yalipunguziwa madoido. Ni picha ileile yenye kazi pungufu.

Ukubwa na mahali pa kuweka

Kurasa za Hokusai ni ndogo, takriban sentimita 22 kwa 15, na picha nyingi zimevuka kurasa mbili zenye mshono katikati. Ni za mkononi na za mezani, ukutani hupotea. Suikoden ya Kuniyoshi na chapa za mwezi zina kipimo kilekile, karibu sentimita 38 kwa 26. Hapo zinatofautiana kwa tabia: Kuniyoshi anasomeka ukiwa upande wa pili wa chumba, Yoshitoshi anataka uende mpaka karibu. Picha za karatasi tatu zikiungana hufika karibu sentimita 75 kwa upana, zinataka ukuta wake peke yake. Lu Zhishen wa 1887 ana urefu kama huo, ila kwenda juu, na anakaa vizuri pembeni mwa mlango au baina ya madirisha.

Kupatikana na hali

Kuziona ni bure. Makumbusho ya Museum of Fine Arts ya Boston, British Museum ya London na Metropolitan ya New York yana hazina kubwa ya chapa za Kijapani na yameweka picha zake mtandaoni. Mengine yanaruhusu upakue kwa ubora wa juu. Tafuta kwa jina la Kijapani la shujaa. Ukiandika Lu Zhishen pekee utakosa zilizoorodheshwa kama Rochishin, na Shi Jin hujificha chini ya jina Kyūmonryū Shishin.

Kununua ni habari nyingine, na uzijue kwanza aina nne: chapa za mwanzo, chapa za baadaye kwa mbao zilezile, chapa zilizochongwa upya katika karne ya 20 au sasa, na nakala za mashine. Ya tatu si utapeli ikiwa muuzaji ameitaja wazi, kwani inachapwa kwa mkono na rangi zake ni mpya. Utapeli ni ya tatu au ya nne ikiuzwa kana kwamba ni ile ya kwanza. Tazama nyuma ya karatasi: chapa ya mkono huonyesha rangi iliyopenya na alama za kusugua. Tazama mbele kwa kioo cha kukuzia: vitone vidogo vilivyopangwa maana yake ni mashine.

Kwa ujumla juzuu moja la Hokusai lililotengana na wenzake ndilo rahisi zaidi kulifikia, ingawa wadudu huwa wamekwisha pita. Suikoden za mwanzo zenye rangi iliyodumu ni ghali na zinagombewa. Chapa za mwezi zipo nyingi sokoni na tofauti ya bei baina ya nzuri na chovu ni kubwa mno. Katika picha za karatasi tatu, hakikisha zote ni za familia moja. Ukiona anga ya karatasi ya kushoto si buluu ileile ya katikati, huenda zimeokotwa sehemu mbalimbali.

Na kama unakaa Tanga, Mombasa, Zanzibar au Muscat, fikiria unyevu kabla ya fedha. Karatasi hii ya nyuzi za mforsadi ni ngumu kuliko inavyoonekana, lakini ukungu na jua la pwani huimaliza. Hapo nakala nzuri ukutani na chapa ya kweli ndani ya bahasha isiyo na asidi ni mpango bora.

Kwa nani, kwa hali gani

Hujasoma hata riwaya moja na unataka kitu kikukamate leo: anza na Suikoden ya Kuniyoshi. Zhang Shun, Wu Song na Ruan Xiaowu hawahitaji mkalimani. Ukiona unataka kujua kilichowapata, ndipo uitafute riwaya.

Unasoma riwaya, au unafundisha fasihi na unataka picha za kuandamana nayo: Hokusai. Mchukue Kuniyoshi kwa mapumziko tu, maana yeye hukurupusha kilele kabla hujafika.

Unajifunza kuchora vibonzo: Hokusai kwa mstari, Kuniyoshi wa 1853 kwa kupanga watu wengi bila vurugu. Suikoden yake itakuvutia zaidi, lakini wanaoiiga mapema huishia na wahusika waliokunja ndita ukurasa mzima.

Unataka tatuu: Suikoden ya Kuniyoshi, bila shaka. Ila jua unayemchora ni nani. Zhang Shun ni mtu aliyekufa langoni, na Lu Zhishen ni mtawa aliyeshindwa kuacha pombe. Wapo wanaowachagua kwa sababu hizohizo.

Una ukuta mmoja mkubwa na wageni wa kila aina, watoto wakiwemo: picha ya Guan Yu na tabibu inaweza kuwatisha wadogo, kwa hiyo Liu Bei kwenye theluji ni salama zaidi. Hapo ndipo mimi ningeweka fedha zangu, lakini nakiri ni kwa sababu naipenda theluji ya Kuniyoshi kuliko damu yake.

Una nafasi ndogo, unapenda kitu cha kurudia kukitazama, na hadithi unazijua: Yoshitoshi. Cao Cao kwanza, Sun Wukong baadaye. Ukiweza kusubiri, subiri toleo la mwanzo. Kwenye chapa za mwezi ndiko unakolipia zaidi kazi ya mchapaji, na toleo chovu linakunyima hasa kile ulichokifuata.

Unataka kumlinganisha mwalimu na mwanafunzi na huna senti ya kununua: pakua Rochishin wawili, wa Kuniyoshi na wa 1887, uwafungue pamoja kwenye skrini moja. Ongeza Shishin wawili. Kwa chapa hizo nne utakuwa umeona karibu miaka 60 ya kazi hii, na utajua mwenyewe upande upi unakuvuta kabla ya kumpa muuzaji yeyote fedha.